Kinachokosekana Mvita si Darubini

Mazungumzo ya nyota yakizuka barazani huku Mji wa Kale, Mombasa, hayachukui muda kabla mtu hajayafunga kwa kauli moja: hizo ni kazi za wenye darubini za mamilioni, waliojenga juu ya milima ya Chile na Hawaii, sisi wa kisiwani, chini ya taa za bandari na mvuke wa bahari, letu ni kutafuta mwezi mwandamo basi. Wanaoisema si wajinga. Nimeisikia kwa walimu wa fizikia, kwa mabaharia wastaafu, na kwa vijana wenye kamera nzuri za harusi ambao haijawapitikia hata siku moja kuzielekeza juu. Kwa sababu inasemwa na watu wenye akili zao, inastahili kujibiwa kwa hoja.

Mimi nashikilia kinyume chake. Kugundua nyota inayobadilika mwanga hakujapata kutegemea ukubwa wa chombo. Kunategemea picha mbili za sehemu ile ile ya anga zilizopigwa usiku tofauti, na mtu mwenye subira ya kuzilinganisha. Kwa kazi hiyo Mombasa ina sifa ambazo miji mingi ya Ulaya haitazipata kamwe.

Nyota hazikai vile vile. Zipo zinazopanuka na kusinyaa, mwanga wao ukapanda na kushuka kwa siku au kwa miezi. Zipo zinazokwenda mbili mbili, moja ikipita mbele ya mwenzake na kumfunika. Algol ni ya namna hiyo: kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi hufifia hadi karibu theluthi ya mwanga wake, kisha ikarudi. Aliyeupima mpango huo mwaka 1783 na kupendekeza kwamba huenda kuna kitu kinachoizunguka na kuikinga alikuwa John Goodricke wa York, Uingereza, kijana kiziwi ambaye hakuwa amefikisha miaka 20, na alitumia macho yake tu. Zipo pia nova. Hapo nyota ndogo iliyokwisha maisha yake huvuta gesi ya jirani yake hadi gesi ile ikalipuka, na mahali palipokuwa patupu machoni pakawaka nyota kwa siku au wiki kadhaa. Na aliyepanda darini mwanzoni mwa 2020 akaitazama Betelgeuse, ile nyekundu begani mwa Orion, aliiona imefifia kuliko ilivyokuwa kwa miongo mingi. Ilipoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake kwa miezi michache, ikizibwa na vumbi iliyolitoa yenyewe. Waangalizi wa kujitolea, wengine wakiwa na macho matupu, walikuwa miongoni mwa walioufuata ufifiaji huo usiku baada ya usiku.

Kamera ilipoingia katika kazi hii ilileta kitu ambacho jicho halina, yaani kumbukumbu isiyosahau. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na kituo Arequipa, Peru, ambako anga la kusini lilipigwa picha kwenye sahani za kioo na kupelekwa kwa meli hadi Massachusetts. Huko Henrietta Leavitt alikuwa akikaa mezani, mbali na darubini yoyote. Alichukua kioo cha usiku mmoja ambacho nyota zake ni nyeusi, akakilaza juu ya nakala ya usiku mwingine ambayo nyota zake ni nyeupe. Nyota isiyobadilika ilijifuta. Iliyobadilika ilibaki na ukingo wake. Mwaka 1908 alitangaza nyota 1,777 zinazobadilika katika Mawingu ya Magellan. Mwaka 1912, kwa nyota 25 za Wingu Dogo, alionyesha kuwa inayochukua muda mrefu zaidi kupanda na kushuka ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi kwa asili. Kwa kanuni hiyo Edwin Hubble alipata baadaye kipimo cha umbali wa Andromeda, na binadamu wakajua kuwa kuna galaksi nje ya yetu. Mawingu hayo mawili hayaonekani Massachusetts hata kidogo. Huku kwetu yanapanda juu ya bahari ya kusini, na kwenye giza la kweli mtu huyaona bila chombo chochote.

Mtu atasema Leavitt alikuwa mwajiriwa, na Harvard si baraza la mtaani Kibokoni. Kweli. Basi tumtazame Cuno Hoffmeister, ambaye kwangu ndiye jibu kubwa zaidi kwa kauli hii. Alizaliwa mwaka 1892 huko Sonneberg, Ujerumani, mji uliojulikana kwa kutengeneza vidoli vya watoto. Aliacha shule mapema akaingia katika biashara ya vidoli ya baba yake. Mchana alifanya kazi ya familia, usiku akajifunza anga. Baadaye alisoma hadi akapata udaktari, lakini mapenzi yalitangulia shahada kwa miaka mingi. Mwaka 1925 mji ule wa vidoli ukapata kituo chake cha kutazama nyota, na hapo ikaanza kazi iliyoitwa doria ya anga: kamera zenye uwanja mpana, vipande vile vile vya anga, kila usiku ulio wazi, bila kungoja tukio lolote. Kwa miaka mingi kituo hicho kilikusanya sahani za kioo zaidi ya laki mbili. Hoffmeister peke yake aligundua nyota zinazobadilika kama 10,000. Wakati huo huo ziliwapo darubini kubwa mno huko California ambazo hazikuikaribia hesabu hiyo, kwa sababu kila moja ilikuwa ikichungulia tundu dogo la anga. Hoffmeister alitazama anga pana, akarudia.

Kisha kuna Ben Mayer wa Los Angeles, mpenzi wa nyota tu. Agosti 1975 alikuwa akipiga picha za anga akitafuta vimondo. Usiku wa tarehe 29 nyota mpya ilionekana katika kundi la Cygnus, iking'aa hata mjini, na waangalizi wa Japani wakaitangaza. Mayer alipozitazama picha zake aliikuta humo nyota ile ikiwa bado inapanda, kabla dunia haijajua habari zake. Tukio hilo lilimfanya abuni njia rahisi ya kulinganisha. Alichukua projekta mbili za slaidi zenye picha za sehemu moja ya anga zilizopigwa usiku tofauti, na mbele yake akaweka kizuizi kinachozunguka ili picha zipokezane ukutani. Nyota iliyobadilika hupepesa, nyingine zote hutulia. Leo kompyuta ndogo yoyote hufanya kazi hiyo bila gharama.

Sasa tuje kwenye jiografia, maana hapa ndipo kauli ya barazani inapokosea zaidi. Hoffmeister, pamoja na sahani zake zote, alilazimika kusafiri hadi nchi tunayoiita leo Namibia ili apige picha za anga la kusini, kwa kuwa kule Sonneberg sehemu yake kubwa haipandi juu ya upeo. Mombasa ipo digrii 4 kusini mwa ikweta. Katika mzunguko wa mwaka karibu anga zima hupita juu yetu, isipokuwa kikofia kidogo kwenye ncha ya kaskazini. Cassiopeia ya kaskazini hupanda digrii 25 hivi, Msalaba wa Kusini hupanda zaidi ya digrii 30, na Mira, nyota maarufu inayobadilika, hupita karibu utosini. Kubwa kuliko yote ni kitovu cha Njia Nyeupe katika kundi la Kausi, ambako nova nyingi hulipukia. Mwangalizi wa London hukiona kikipanda digrii 10 tu, nyuma ya miti na moshi. Kwetu kinapanda hadi digrii 65, na katika miezi ya kusi kinakuwa juu saa za jioni, watu wakiwa macho bado.

Na pwani hii imeshawahi kuchaguliwa kwa doria ya anga kwa sababu iyo hiyo ya kuwa karibu na ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ambayo kwa heshima ya siku ile ya Jamhuri iliitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa mionzi ya eksirei peke yake. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia anga ukanda kwa ukanda na kurudi pale pale. Kwa kurudia huko iligundua kuwa Centaurus X-3 inapigapiga kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba hupotea kila baada ya siku 2 na kidogo, ikifichwa na nyota kubwa inayozungukana nayo. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Setilaiti haikuwa ya wapenzi wa nyota, najua, wala haikuwa ya Wakenya. Lakini inaniuma kuona shule za Pwani zikiwafundisha watoto Galileo wa Padua huku doria iliyobadilisha elimu ya falaki ikiwa iliondokea mwendo wa saa chache kutoka sokoni Marikiti, na haitajwi.

Pingamizi la taa na mvuke lina uzito, na silipuuzi. Mwanga wa nyota hupimwa kwa viwango, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo nyota inavyokuwa hafifu. Mahali penye giza jicho hufika kiwango cha 6. Katikati ya Mji wa Kale, na bandari ya Kilindini ikiwaka usiku kucha nyuma yetu, jicho likifika cha 4 ni usiku mwema. Stima ikipotea mji mzima ndipo mtu huona babu zetu waliishi chini ya nini. Lakini kamera haifungwi na taa kama jicho linavyofungwa. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 iliyofunguliwa sana, kamera juu ya stendi, picha fupi fupi za sekunde chache kisha zikajumlishwa kwa programu: hapo nyota ambazo jicho halizioni kabisa hujitokeza, na wekundu wa taa huondolewa kwa hesabu. Hutafika kiwango cha 12. Huhitaji kufika. Nova inayofaa kutafutwa kutoka darini ni ile ya kiwango cha 6, cha 7 au cha 8.

Adui wa kweli wa doria hapa kisiwani, kwa maoni yangu, ni unyevu, nao hutajwa mara chache. Kuvu huota ndani ya lenzi ikiachwa kabatini msimu mmoja wa masika, na chumvi hula viungo vya stendi. Lenzi ikae katika mkebe unaofunga sawasawa, pamoja na vifuko vya kunyonyea unyevu vile vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, na vikaushwe mara kwa mara. Aprili hadi Juni mawingu yatakula usiku mwingi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hurudisha hasara: anga hufunguka, na upande wa kusini Vela, Carina na Centaurus hujipanga mfululizo, nyota zimesongamana.

Pingamizi la pili ni jipya, na vijana ndio wanaolileta: roboti zimemaliza kazi. Hapa napenda kusema ukweli wote. Zama za mtu mmoja kugundua nyota 10,000 zimekwisha, na sitaki kumdanganya yeyote. Orodha ya kimataifa ya nyota zinazobadilika imepita milioni mbili, na sehemu kubwa imejazwa na mashine. Nyota hafifu ni fungu la mashine, na limekwisha kuchukuliwa. Kwa nyota angavu hali ni tofauti. Kamera za mradi wa ASAS-SN, baadhi zikiwa Sutherland, Afrika Kusini, zilikusudiwa milipuko ya nyota katika galaksi nyingine; nyota angavu huzifurisha mwanga zikashindwa kuzipima vizuri. Mawingu nayo hayabagui roboti. Kwa wastani wa mwaka giza huingia Mombasa saa moja na zaidi kabla ya kuingia Sutherland, na katika saa hiyo mengi hutokea. Machi 2021 nova ya Cassiopeia ilipatikana na Yuji Nakamura wa Japani kwa lenzi ya milimita 135, lenzi ambayo mpiga picha za harusi anayo mkobani. Agosti mwaka huo huo RS Ophiuchi ililipuka, na kati ya walioiona wa kwanza walikuwamo Keith Geary wa Ireland na Alexandre Amorim wa Brazil, kila mmoja peke yake.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Desemba 2013. Tarehe 2 mwezi huo John Seach, mpenzi wa nyota wa Australia, alipitia picha za doria yake za kamera ya kidijitali na lenzi ya milimita 50, akakuta karibu na Beta Centauri nyota ya kiwango cha 5.5 ambayo haikuwapo. Iliendelea kupanda hadi kufika kiwango cha 3 na kitu, ikaonekana kwa macho matupu. Asubuhi hizo, wakati wa alfajiri, nyota ile ilikuwa juu ya upeo wa Mombasa upande wa kusini-mashariki. Watu walitoka majumbani kwenda kusali Mandhry na misikiti mingine, wakapita chini yake. Si kosa lao. Hakuna anayekariri anga kiasi hicho. Lakini kamera moja darini, ikipiga sehemu ile kila alfajiri, ingeikariri kwa niaba ya mtaa mzima. Machi 2015 Seach akagundua nova nyingine, safari hii katika Kausi, kwa njia ile ile.

Huulizwa pia kama ushahidi wa mtu wa kawaida utakubaliwa. Swali hili linanishangaza likitoka kwa watu wa Mji wa Kale, kwani hakuna mtaa ninaoujua unaoelewa ushahidi wa anga kuliko huu. Mwezi wa Shaabani ukifika tarehe 29, anayesema ameuona mwandamo huulizwa: ulikuwa wapi, ulikuwa saa ngapi, ulielekea upande gani, nani mwingine aliuona? Wanaopokea taarifa za nova huuliza maswali hayo hayo. Kwa hivyo picha isiwe moja. Zipigwe mbili au tatu, kamera ikisogezwa kidogo katikati. Doa la ndani ya kamera litabaki mahali pake kwenye picha, nyota ya kweli itafuatana na jirani zake. Ndege inayoshuka uwanja wa Moi itakuwa imeshaondoka, na setilaiti itaacha mstari. Kisha ziangaliwe sayari zilipo usiku ule. Machi 2018 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town alitangaza rasmi kitu angavu kipya katika Kausi, kikawa ni Mirihi. Akasahihisha mara moja hadharani, na heshima yake haikupungua. Mtu wa Kibokoni akikosea vivyo hivyo na akasahihisha vivyo hivyo, atatendewa vivyo hivyo.

Taarifa nazo zina pa kwenda. Chama cha AAVSO cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea vipimo vya mtu yeyote bila kumwuliza shahada. Danie Overbeek wa Afrika Kusini, ambaye falaki haikuwa ajira yake, aliweka humo vipimo zaidi ya 280,000 kabla ya kufariki mwaka 2001, na wataalamu wanavitumia hadi leo.

Kwa atakayeanza wakati wa kusi, ningemshauri asiishie kwenye Kausi. Ageuze kamera kaskazini pia, kwenye kundi la Corona Borealis, linalopanda digrii 60 juu ya Mombasa. Humo mna T Coronae Borealis, ambayo kwa kawaida ni ya kiwango cha 10, haionekani kwa jicho. Ililipuka mwaka 1866, ikafika kiwango cha 2 hivi na kushindana na nyota angavu za kundi lake, ikalipuka tena 1946. Wataalamu wamekuwa wakiisubiri tena tangu 2024. Siku ikilipuka kila mtu ataipiga picha, na picha hizo zitakuwa maelfu. Picha za saa chache kabla, zile ambazo ndani yake hakuna kitu, ndizo zitakazoonyesha mlipuko ulianza lini hasa, na hizo zinaweza kupigwa kutoka dari lolote la Ndia Kuu lisilozibwa upande wa kaskazini.